Kuku Aliyemfukuza Msimamizi Wangu

Wiki iliyopita niliwaacha nimesimama mlangoni mwa mgahawa hapa mjini Chiayi, nimevaa sweta jekundu la kuazima, namwambia mama kwenye simu kwamba safari hii hakuna kitakachoharibika. Wasomaji wawili waliandika gazetini kunionya nisiwe natamka maneno hayo. Nawashukuru. Barua zao zilifika nimeshachelewa.

Kwa anayeanza leo: naitwa Kan Jui-ling. Mtihani wa uhasibu nilishaufaulu. Tatizo ni kwamba mtihani peke yake haukupi leseni. Lazima ufanye kazi miaka miwili chini ya macho ya mhasibu mwenye leseni yake, halafu huyo huyo athibitishe kuwa kweli alikuona ukiifanya. Sharti lenyewe ni hilo tu, na limenitoa roho.

Msimamizi wangu wa kwanza alinyoa kichwa akaenda kuwa mtawa milimani. Nilimfuata mpaka hekaluni. Akaniambia siku hizi hathibitishi tena mambo ya dunia hii, akanipa bakuli la supu ya tofu. Wa pili alifungiwa kazi kwa madhambi yake mwenyewe, na neno lake likawa halimsaidii mtu. Nikaanza upya.

Wa tatu ndiye Dada Peng. Huyu nilimwombea kwa Mungu na miungu yote ya mtaani kwetu asipatwe na kitu. Anafanya kazi katika ofisi ya Mwalimu Chuang, mzee aliyemfundisha uhasibu tangu akiwa msichana. Dada Peng naye ndiye aliyenifundisha mimi. Mzee mwenyewe hakuwahi kuisogelea meza yangu. Alikuwa akipita na kikombe chake cha chai, ananiita Hsin-yi, jina la binti aliyekaa kwenye meza hiyo kabla yangu, anaendelea na safari.

Nilikuwa nimebakiza mwezi mmoja.

Kumbukeni pia habari ya kitambaa. Siku matokeo ya mtihani yalipotoka, mama alitundika kitambaa chekundu mwanzoni mwa uchochoro wetu: HONGERA MHASIBU KAN JUI-LING. Hakuuliza mtu. Jua limekila mpaka kimekuwa rangi ya waridi, na majirani wanamuuliza huyo mhasibu anafika lini.

Basi tuingie ndani ya mgahawa.

Shangazi Mei-chu, anayepokea simu ofisini na kuamuru kila mtu pamoja na mwenye ofisi, alinishika mkono akanikalisha karibu na mlango wa jikoni.

"Wewe ndiye mdogo wetu, kwa hiyo kuku ni wako," alisema. "Akiingia, kichwa kimtazame mzee. Kisimtazame mtu mwingine yeyote. Umesikia?"

"Nimesikia, shangazi."

"Na usituletee mambo yako."

"Mambo gani?"

"Hayo hayo ya watawa."

Kwetu karamu ya mwisho wa mwaka haina mchezo na kuku. Kichwa chake kikimwelekea mfanyakazi, mwaka mpya ukifika huyo hana kazi. Ofisi nyingi siku hizi zinaagiza kichwa kikatwe kabisa jikoni ili watu wale kwa amani. Mwalimu Chuang hataki. Kila mwaka anaagiza kuku mwenye kichwa chake, kinaelekezwa kwake mwenyewe, wote tunapumua, naye anasimama kuhutubia.

Kuku aliingia. Aliwekwa kwenye kile kioo cha katikati ya meza kinachozunguka. Nikakigeuza polepole mpaka mdomo wa kuku ukamtazama mzee kifuani. Shangazi Mei-chu akanikonyeza. Nikajisikia mtu wa maana.

Mwalimu akasimama na hotuba yake. Alianza na siku alipofungua ofisi. Akaeleza hali ya hewa ya siku hiyo.

Sasa, pembeni yangu alikaa Mzee Liao, mteja wetu wa siku nyingi, mwenye kiwanda cha vibonge vya samaki. Mzee Liao ni mwema, ila tumbo lake halisikilizi hotuba.

"Yule samaki mbona yuko mbali hivyo?" alininong'oneza.

"Subiri kidogo, mzee. Mwalimu anamalizia."

"Anamalizia nini? Hata hajafika kwenye kununua viti!"

Akanyoosha mkono, akakizungusha kioo.

Samaki akaanza kuja. Kuku naye akaanza kuondoka. Roho ikanipaa. Nikakidaka kioo kwa mikono miwili, kikasimama pale pale.

Kichwa kilikuwa kinamtazama Dada Peng.

Mbaya zaidi, mikono iliyokuwa juu ya kioo ilikuwa yangu. Na mbaya kuliko hilo, Dada Peng na Mwalimu walikuwa wamenuniana wiki nzima, kwa sababu ya kampuni moja ya mbolea ambayo mzee alitaka tuikague na Dada Peng hakutaka hata kuisikia.

Nikasema moyoni, rekebisha haraka. Nikakisukuma kioo. Kichwa kikampita Shangazi Mei-chu, aliyefumba macho. Kikampita Mzee Liao, ambaye alikuwa ameshapata samaki wake na hana habari. Kikampita hata Mwalimu mwenyewe, maana nilisukuma kwa nguvu za hofu. Nikakidaka tena.

Dada Peng. Kwa mara ya pili.

Akakunja kitambaa chake cha mikono, akakiweka mezani.

"Nimeelewa," alisema.

"Dada, siyo..."

"Mara mbili, Jui-ling. Nimeelewa."

Akainua kikombe kwa mikono miwili, akamgeukia mzee. "Asante kwa yote, Mwalimu." Akakinywa chote, akachukua koti, akatoka. Mwalimu Chuang alibaki amesimama na hotuba mkononi, mdomo wazi. Hakuna aliyekumbuka kumwambia akae.

Baada ya hapo ikaja bahati nasibu ya ofisi. Nilishinda zawadi ya kwanza, sufuria la umeme la kupikia wali. Alipiga makofi Mzee Liao peke yake.

Jumatatu meza ya Dada Peng ilikuwa tupu. Alikuwa ameacha ua lake tu, na kwenye ua alibandika maelezo ya namna ya kulimwagilia. Mwalimu akaniita ofisini kwake. Hakunimiminia chai.

"Hsin-yi, kaa. Nani alikutuma?"

"Hakuna, Mwalimu."

"Ni yeye alikutuma? Anataka kuondoka, halafu watu waseme nimemfukuza mimi?"

"Hapana, Mwalimu."

"Basi ulifanya kwa akili yako mwenyewe."

"Sikutumia akili kabisa, Mwalimu."

"Hilo naliamini," alisema.

Nikaona upenyo. Nikajikaza. "Mwalimu, nimebakiza mwezi mmoja. Na wewe una leseni. Kama ungeweza kunithibitishia..."

"Nikuthibitishie nini? Mimi nilikuona ukifanya nini? Nikipita na chai yangu naona miguu yako chini ya meza. Niende kwa wakubwa nikaape kwamba nimeiona miguu?"

Miguu yangu alikuwa ameiona kweli.

"Mfuate," alisema, na sasa sauti ilikuwa imeshuka. "Mwambie mimi sikumfukuza. Akirudi, mwezi wako utaisha salama. Asiporudi, katafute yule mtawa wako."

Nikampigia mama. Mama alisikiliza yote, halafu akauliza jambo moja tu.

"Unaenda kwa watu na nini mkononi?"

"Nina lile sufuria, mama."

"Lile ni langu."

"Mama!"

"Haya, lichukue. Ila ujue nilishaliandalia mahali jikoni. Nimehamisha mpaka mitungi ya achari."

Kwa hiyo nikapanda basi la kwenda Budai, kule pwani, na sufuria mapajani. Nyumbani kwa akina Dada Peng ni karibu na mabwawa, na mbele ya nyumba kuna banda la mabati wanapofungulia chaza. Nilimkuta huko, amevaa mabuti ya mpira na glavu, yeye na mama yake, kila mmoja na kisu chake kifupi. Sikuwahi kumwona bila miwani yake ya kazini. Alionekana kama amelala vizuri.

Mama yake alilipokea sufuria, akaligeuza juu chini.

"Lina kitufe cha uji?"

"Linacho, mama."

"Mwenzako ana adabu," alimwambia bintiye, akaingia nalo ndani. Nikaona anavyolibeba, kwa viganja na mikono ya juu, maana vidole vyenyewe vilikuwa vimekakamaa.

Nikachuchumaa mbele ya Dada Peng. Hotuba nilikuwa nimeipanga njia nzima.

"Dada, nakuapia, ile ilikuwa ajali. Mzee Liao alitaka samaki. Mimi nikashika kioo. Mwalimu hakunituma, wala..."

"Najua."

"Unajua nini?"

"Kwamba ilikuwa ajali. Nilikuona, Jui-ling. Uso wako ulikuwa umekwisha. Mtu aliyetumwa hawi na sura ile."

"Sasa kama ulijua, mbona uliondoka?"

Akachungulia mlangoni kama mama yake anasikia. Akapunguza sauti.

"Umeviona vidole vyake? Kisu anakifunga kwa mpira mkononi, ndiyo akishike. Miaka na miaka nataka kurudi nyumbani nifungue kiofisi changu hapa hapa. Kila mwaka mpya ukikaribia najiambia, leo namwambia mzee. Naingia. Ananimiminia chai, ananiita mwanangu, ananiuliza hali ya mama. Natoka nimekunywa chai tu, sijasema kitu. Yule mtu alinipokea nikiwa sijui hili wala lile. Nitafungua mdomo vipi nimwambie nakuacha?"

"Kwa hiyo kuku..."

"Kuku amenisemea. Nimefukuzwa mbele za watu. Mtu akifukuzwa haulizwi kwa nini ameondoka."

"Lakini dada, hakukufukuza! Anadhani wewe ndiye uliyenituma mimi!"

"Mwache adhani lolote, mradi asijue kuwa ilikuwa ajali. Akijua, atakuja hapa mwenyewe aniite nirudi. Akija mwenyewe, nitarudi. Najijua."

Akatupa chaza kwenye beseni, akanitazama usoni.

"Sikiliza. Leseni ninayo. Muda wote niliokusimamia nitauthibitisha, na huo mwezi uliobaki utaumalizia hapa hapa kwangu. Ila mzee akikuuliza, kuku ulimgeuza makusudi."

"Kwa amri ya nani?"

"Kwa kiherehere chako. Uliona tumenuniana, ukaona utusaidie."

"Atanichukia."

"Acha akuchukie. Wewe unataka leseni au unataka kupendwa?"

Ningependa kuwaambia kwamba niliomba muda wa kufikiri. Sikuomba. Nilikiona akilini kile kitambaa cha mama uchochoroni, nikavaa glavu, nikaokota kisu.

"Makusudi," nikasema. "Kwa kiherehere changu."

"Ndiyo hivyo."

Tulikuwa bado na beseni lile lile gari liliposimama nje. Alishuka Shangazi Mei-chu, dereva wa siku hiyo, halafu mlango wa pili ukafunguka taratibu akashuka Mwalimu Chuang. Alikuwa amevaa suti ya karamu na amebeba boksi la machungwa. Viatu vyake vinavyong'aa vikaanza kukanyaga maganda ya chaza, kra, kra, kra, mpaka bandani.

"Alisema hawezi kukungoja," Shangazi Mei-chu aliniambia kwa ukali, kana kwamba mimi ndiye niliyemwamsha.

Dada Peng alisimama. Mzee akampita. Alikwenda moja kwa moja kwa mama yake, aliyekuwa ametoka mlangoni na kitabu cha maelekezo cha sufuria mkononi. Akaweka machungwa chini, akainama. Aliinama mpaka nikaona nyuma ya shingo yake.

"Mama Peng," alisema akitazama sakafu. "Uliponikabidhi binti yako niliahidi sitamwaibisha mbele za watu. Nimemwaibisha. Karamu ilikuwa yangu, meza yangu, kuku wangu. Hata kama sikugusa kitu, kosa ni langu. Naomba unisamehe."

"Jamani, mzee, inuka! Umemwaibisha vipi? Si ameniambia yuko likizo?"

Mama akamgeukia bintiye.

"Mwanangu, umefukuzwa?"

Dada Peng alinitazama mimi.

Mzee alijaribu kuinuka. Mgongo ukakataa. Shangazi Mei-chu akakimbilia kumshika kiuno, lakini alibaki pale katikati, ameinama, mkono mmoja umeshika ukingo wa beseni la chaza, suti inachuruzika maji ya chumvi. Mtu mzima yule, anamwomba radhi bibi wa watu kwa jambo nililolifanya mimi na Mzee Liao na samaki.

Nilikuwa na uongo wangu mdomoni, umeiva. Ni mimi, Mwalimu, nilifanya makusudi. Maneno machache tu. Nikavuta pumzi niyaseme.

Ndipo akageuza kichwa akanitazama kutoka kule chini.

"Jui-ling," alisema. "Wewe ndiye uliyeshika kioo. Sema."

Jui-ling. Karibu miaka miwili katika ofisi yake nimekuwa Hsin-yi, na siku hiyo, kati ya siku zote, akanipatia jina langu.

"Ilikuwa ajali, Mwalimu," nikasikia sauti yangu ikisema. "Kioo kiliniponyoka. Mara zote mbili. Hakuna aliyenituma."

Mzee akashusha pumzi ndefu, na mgongo ukaachia. Shangazi Mei-chu akaanza kulia, akimtukana Mzee Liao na kiwanda chake. Mama Peng akapiga makofi kwa vile viganja vyake visivyokutana vizuri.

"Afadhali! Afadhali jamani! Kumbe hakuna aliyefukuzwa!"

Mwalimu alimwendea Dada Peng. Nilitamani kutazama pembeni, sikuweza.

"Umesikia, mwanangu? Ni ajali tu. Na ile kampuni ya mbolea, nimeikataa. Ulikuwa sahihi. Jumatatu njoo, nitakuwa nimechemsha chai."

Dada Peng alisimama na kisu chake. Alimtazama mama yake, anacheka. Akamtazama mzee, macho yamelowa.

"Ndiyo, Mwalimu," alisema.

Nilijua nimefanya nini. Nilikijua kile "ndiyo" kimegharimu nini, na hakuna mwingine mle bandani aliyejua.

Mama Peng akawaingiza wageni ndani wakale uji wa chaza, aujaribu ule mtambo mpya. Tukabaki wawili. Dada Peng alikaa kwenye kigoda chake, akafungua chaza mmoja, akafungua wa pili. Nikakaa nami. Nikaokota kisu changu.

"Umebakiza mwezi mmoja, sio?" aliuliza, bila kuinua kichwa.

"Ndiyo, dada."

"Kanuni inasema nikusimamie kwa macho yangu mwenyewe."

"Ndiyo, dada."

"Haya. Nitakusimamia."

Simu yangu ikalia mfukoni. Nikaivuta kwa glavu, ikajibonyeza yenyewe, na sauti ya mama ikajaa banda zima.

"Vipi, Jui-ling? Amekubali kurudi?"

"Amekubali, mama."

"Nilijua tu! Ni lile sufuria! Basi naenda sasa hivi kuagiza kitambaa kipya, chekundu kabisa!"

Dada Peng aliifuta ncha ya kisu chake kwenye buti lake, akanitazama kwa mara ya kwanza tangu mzee aondoke pale.

"Mwambie mama yako," alisema, "asiagize bado."